Harusi yetu ya Namasakata haikuwa na kadi

Kwenye suala la ukumbi na kadi za mchango wa harusi, naomba nitofautiane na wanaoona kuwa ni lazima. Mimi na mume wangu tulifanyia sherehe yetu nyumbani kwa wazazi wangu Namasakata, huku Tunduru, na hadi leo hatujaona tulichokosa.

Kwa desturi yetu Wayao, mwanamume ndiye anayehamia ukweni, kwa hiyo wenyeji walikuwa upande wangu na wajomba ndio waliosimamia shughuli. Tulisubiri korosho ziuzwe. Minada huku huanza Oktoba, na fedha zikishaingia ndipo harusi zinapofuatana. Asiyekuwa na fedha alileta mchele, kuku au mzigo wa kuni. Hakuna aliyerudishwa.

Mume wangu anakumbuka zaidi pilau, akina mama walivyokesha wakilipika kwenye masufuria makubwa juu ya mafiga. Mimi namkumbuka shangazi alipokuja kunitunza: alinifunga khanga mpya begani, kisha akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake na kunishikisha noti. Alikuwa mjane, na najua alivyoihangaikia.

Vijana mnaotaka kuoana, msikope kwa ajili ya ukumbi. Deni mtaingia nalo ndani na litawagombanisha mapema. Alikeni majirani, pikeni mnachokiweza, wazee wawaombee dua. Hao ndio watakaokuja kuwasuluhisha siku mkikosana.