Kisiwa cha Kifungo Chapata Njia ya Anga

Kisiwa cha Saint Helena, kilichomo katika Bahari ya Atlantiki ya Kusini, kilikuwa gereza lisilohitaji kuta. Napoleon alifia huko mwaka 1821. Hata Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja, aliyetekwa na Waingereza mwaka 1916, alifungwa huko. Mlinzi wao alikuwa bahari.

Tarehe 14 Oktoba 2017, ndege ya kwanza ya abiria yenye ratiba ilitua huko kutoka Johannesburg. Hapo awali meli ilichukua siku tano hivi kutoka Cape Town. Wapo wasafiri walioshangilia. Wapo pia walioisikitikia meli yao. Magazeti ya Uingereza nayo yalikuwa yamekwisha kukidhihaki kiwanja hicho, kilichogharimu paundi milioni 285, kwa kuwa pepo zinazogeuka ghafla zilichelewesha safari za abiria tangu 2016.

Kwa maoni yetu dhihaka hiyo haikuwa ya haki. Rubani anayekataa kutua penye hatari si mwoga, kama vile polisi anayezuia basi bovu asivyo mkorofi. Kuchelewa kule kulilinda roho za watu.

Tena, faida ya njia haipimwi kwa idadi ya watalii peke yake. Mgonjwa mahututi hawezi kungoja meli. Wakazi wa kisiwa ndio wanaostahili kutoa hukumu, kwani adhabu ya kaburi aijuaye maiti.