Bukavu: Eshapema yenye kutoboka si kelele tu, ni sumu kwa watoto

“Ni kelele tu.” Neno hilo linasikika katika magaraji ya Bukavu kila mara Noah ya familia inapofika na eshapema yenye kutoboka. Kipande cha kopo kinazungushwa kwenye tiyo, kinafungwa na waya, na gari linarudi barabarani. Kesho yake linabeba mama, watoto na mifuko ya masomo toka Panzi hadi Nguba. Kelele imepungua, basi watu wanasema gari limepona. Halijapona. Limenyamazishwa, na moshi bado unatoka palepale.

Tabia hiyo inapaswa kukoma. Kazi ya kwanza ya eshapema ni kuchukua moshi wa injini na kuutupa nyuma, mbali na watu; kupunguza kelele ni kazi ya pili. Ndani ya moshi huo mna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa hata kama mtu anapumua vizuri. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Ikizidi, inaua.

Mtoto akishuka garini kila asubuhi akishika kichwa, wazazi wanasema ni malaria, ni njaa, ni kona za barabara. Inawezekana. Lakini ikiwa wote waliokuwa ndani wanalalamika, na maumivu yanapungua wakipata hewa safi, gari lichunguzwe siku hiyohiyo. Aliyezidiwa atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aina ya magari ambayo familia nyingi zinatumia. Katika HiAce nyingi na Noah za zamani, injini iko chini ya viti vya mbele. Moshi ukitoroka pale, njia ya kuingia ndani ni fupi: penye lever ya vitesi, kwenye kifuniko cha injini, kwenye mashimo ya kutu sakafuni. Na Bukavu iko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mvua ikinyesha, baridi inaingia na madirisha yote yanafungwa.

Kuna pia desturi ya kusafiri na mlango wa nyuma wazi, umefungwa kwa kamba juu ya magodoro na magunia. Wengi wanafikiri mlango wazi unaleta hewa. Kinyume chake, gari likitembea, hewa ya nyuma inavuta moshi na kuuingiza ndani. Ni hivyohivyo kwa tiyo iliyokatika mwisho wake na kuachwa fupi chini ya sakafu.

Wanaosema kwamba uchunguzi ni gharama wanadanganya. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na masikio na macho. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari liwashwe mahali pa wazi, si ndani ya garaji iliyofungwa. Mlio wa “tsi-tsi-tsi” karibu na injini, unaopungua chuma kikipata moto, mara nyingi ni jointi ya kolekteri iliyoungua, au kolekteri yenyewe imepasuka. Kolekteri ni chuma cha kwanza kinachopokea moshi wa injini. Mngurumo mzito chini ya sakafu ni shimo kwenye tiyo au kwenye silansie. Kitu kinachogongagonga ni mpira wa kushikilia uliokatika, au vipande vilivyovunjika ndani. Gari likikosa nguvu kwenye mpando, kama kule Ngomo kwenye barabara ya Uvira, inawezekana eshapema imeziba.

Fundi mwenye glavu akizuia mdomo wa tiyo kidogo kwa kitambaa kinene, moshi utapiga filimbi penye kutoboka. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio mbele chuma hakijapata moto, yatatoa povu. Alama nyeusi ya masizi nayo inaonyesha njia. Hakuna mashine hapo.

Matengenezo pia yanajulikana. Jointi iliyoungua inabadilishwa pamoja na bulu zake zilizoliwa na kutu. Tiyo iliyooza inakatwa hadi penye chuma kizima, na kipande kipya cha upana uleule kinachomelewa, betri ikiwa imefunguliwa na tangi la mafuta likiwa limekingwa. Mipira inarudishwa, maana tiyo inayoning’inia itavunjika tena kwenye shimo la kwanza. Mwisho wa tiyo lazima upite bodi ya gari. Kopo na waya havimo katika hesabu hiyo.

Na kuna udanganyifu mwingine: kutoa katalizeri. Mwenye gari anaambiwa kwamba inakula nguvu, inakatwa, na bomba tupu linawekwa mahali pake. Hamwambii mtu kwamba ndani ya katalizeri mna platini, paladi na rodi, madini ya bei kali, na kwamba kuna wanaonunua. Kazi yake ni kugeuza sehemu kubwa ya monoksidi ya kaboni kuwa gesi isiyo na sumu hiyo. Ikiwa imeziba kweli, mwenye gari aonyeshwe, kisha atafutiwe nyingine. Na ikitolewa, chuma hicho ni mali yake, si cha garaji.

Tatizo ni franga, watu watasema. Ni kweli maisha ni magumu, na vipuri ni ghali. Lakini mwenye kulipia rangi mpya, viti vya ngozi na redio yenye kutetemesha mtaa mzima hawezi kusema amekosa franga ya jointi. Na yule ambaye kweli hana, gari lake lipumzike hadi apate. Mafundi wengi wanajua kazi nzuri, ni mteja ndiye anayesema “funga tu, nitarudi.” Harudi.

Polisi wa rulaji nao wanaomba asiransi, vinyeti na karatasi ya kontroli tekiniki. Wachache wanainama kuangalia chini ya gari. Karatasi haizuii moshi. Congo ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, na kipengele cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo haianzii msituni peke yake. Inaanzia kwenye kiti cha nyuma cha Noah.

Wakuu wa masomo wanaweza kuanza bila kungoja serikali: gari lolote linaloleta wanafunzi kwa malipo lionyeshe eshapema nzima mwanzoni mwa kila muhula. Wazazi waulize kabla ya kulipa. Na fundi anayeombwa kopo na waya kwa gari la watoto, akatae.