Leo gaidi ni Shehe, kesho ni Kamanda



Kuna utani umezoeleka sana huku kwetu Soweto, Mbeya. Akipita kijana mwenye ndevu na kanzu, jamaa wa bodaboda wanamwita "Al-Shabaab". Binti akivaa nikabu anaulizwa eti kaficha nini humo ndani. Watu wanacheka, naye anacheka kidogo ili asionekane mkorofi, na safari inaendelea. Ukiwauliza, watakwambia ni utani tu, mbona hata Wahehe tunawatania. Hapana jamani. Mhehe akiambiwa anakula mbwa, naye anajua la kumrudishia mtani wake, wanacheka wote. Huyu wa kanzu hana la kurudisha. Kosa analotaniwa nalo lina kifungo, na halina dhamana.

Mimi ni Mmoraviani wa kuzaliwa, kama majirani zangu wengi, na nasoma sheria. Naandika haya kwa sababu zote mbili.

Tuanze na sheria yenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Dar es Salaam na Nairobi. Kwetu walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Miaka mitatu baadaye ikaja Septemba 11, na kabla mwezi haujaisha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio namba 1373 linalotaka kila nchi iwe na sheria za kupambana na ugaidi. Sisi tukawa wanafunzi wepesi. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Wakenya walioletewa muswada kama huo mwaka 2003 waliukatalia, Waislamu wa Pwani wakiwa pamoja na mawakili na watetezi wa haki za binadamu, ukakwama. Hawakuwa na sheria ya namna hiyo mpaka 2012. Na hao ndio waliozika watu wengi kuliko sisi.

Sheria haikuandika popote kwamba inawahusu Waislamu. Isingeweza, maana Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi na imetaja dini kwa jina. Lakini kila mtu alijua inatungwa ikimwangalia nani. Ukitaka kujua sheria inamlenga nani usiishie kusoma vifungu, nenda ukasome majina kwenye hati za mashtaka.

Mwaka 2014 mashehe wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, wakiwemo Shehe Farid Hadi Ahmed na Shehe Mselem Ali Mselem, walivushwa bahari na kufikishwa Kisutu, Dar es Salaam, na wenzao, kwa mashtaka ya ugaidi. Wasiofuatilia mambo ya mahakama niwaeleze kinachotokea hapo. Mahakama ya Hakimu Mkazi haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Inaitaja tu. Mshtakiwa haruhusiwi hata kujibu. Wakili wa Serikali anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, hakimu anaahirisha kwa siku 14, watu wanarudishwa mahabusu. Baada ya siku 14, hivyo hivyo. Piga hesabu ya miaka karibu saba. Mtoto aliyezaliwa baba akiwa anakamatwa anaanza darasa la kwanza, upelelezi bado haujakamilika! Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akasema hana nia ya kuendelea na kesi, wakarudi Zanzibar. Mtaani tunaita hiyo kesi imefutwa. Kisheria maana yake ni kwamba unaweza kukamatwa tena kesho kwa kosa lile lile.

Sijui kama mashehe wale walitenda au hawakutenda, na wewe hujui, kwa sababu hakuna mahakama iliyoambiwa ushahidi na kutoa hukumu. Shida yangu iko hapo. Siasa zao nyingine sikubaliani nazo, Uamsho walikuwa wanapinga Muungano kwa namna ambayo wengi huku bara iliwaudhi. Kupinga Muungano ni maoni. Maoni yanajibiwa jukwaani.

Sasa angalieni tarehe. Mashehe wametoka Juni 2021. Tarehe 21 Julai, mwezi mmoja tu baadaye, Freeman Mbowe, aliyekuwa Mwenyekiti wakati huo, anakamatwa Mwanza, alikokwenda kwenye kongamano la Katiba Mpya. Siku chache mbele yuko Kisutu. Shtaka? Ugaidi. Sheria ile ile ya 2002. Akakaa ndani mpaka 4 Machi 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alipotamka maneno yale yale, kwamba hana nia ya kuendelea. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 Wilfred Lwakatare, mkurugenzi wa ulinzi na usalama wa CHADEMA, alishtakiwa kwa ugaidi, na Mahakama Kuu ikayafuta mashtaka hayo ya ugaidi.

Tuliandika mabango ya "Mbowe sio gaidi". Ilikuwa kazi nzuri na sina ugomvi nayo. Ila kuna sentensi moja niliisikia mara nyingi miezi ile, sokoni, kwenye daladala, hata kwa wana wa chama: "Hivi Mbowe na ugaidi wapi na wapi, si Mkristo yule?" Isome tena taratibu. Huyo anayesema anadhani anamtetea Mbowe. Kumbe amekubali kila kitu ambacho aliyetumia sheria vibaya anahitaji akubali: kwamba kuna watu ambao neno hilo likiwakuta hakuna haja ya kuuliza ushahidi, na kwamba Mbowe amewekwa kimakosa kwenye foleni yao. Hakutetea haki ya mtuhumiwa. Aliomba mtu wetu ahamishwe foleni.

Wapo viongozi wa upinzani waliowasemea mashehe miaka ile, tena majukwaani, na wanastahili heshima yao. Nazungumzia sisi wa chini, wa matawi.

Maana chuki hii ilishawahi kufanya kazi ya kura. Mfumo wa vyama vingi ulipoanza, CUF ilibandikwa jina la chama cha Waislamu na Wapemba. Jina likashika. Januari 2001 polisi walipowapiga risasi waandamanaji Pemba na Unguja, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi kutoka nchi inayojisifu kupokea wakimbizi, bara haikutikisika kama ilivyopaswa. Jina lilishafanya kazi yake. Kisha upepo ukageuka, na chama kilichokuwa kinakua bara kikaitwa cha Wachaga na cha Wakatoliki. Pwani wakaambiwa msikipe kura, hicho cha makanisa. Huku juu tukaambiwa CUF ni ya misikiti. Mpishi mmoja, vyungu viwili. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kabisa kusajili chama cha dini, na vyama vyote hivyo vilisajiliwa na Msajili huyo huyo wa Serikali. Anayesema chama fulani ni cha dini aende akamshtaki Msajili. Hajaenda mpaka leo.

Hofu hii haikuishia kwa watu, ilifika hadi kwa mataifa. Wazee watakumbuka mwaka 1992 Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, Bunge likawaka moto, na mwaka 1993 Zanzibar ikajitoa. Kisheria waliopinga walikuwa na hoja: mambo ya nje ni ya Muungano, Zanzibar haiwezi kujiunga peke yake. Naikubali hoja hiyo, hata kwenye mtihani ningeiandika. Lakini mitaani haikuwa hoja ya Katiba. Ilikuwa eti tutasilimishwa. Uganda ni mwanachama wa OIC tangu 1974, Msumbiji tangu 1994, na nchi zote mbili Wakristo ni wengi kuliko Waislamu. Hakuna Mganda aliyesilimishwa na mkataba. Sisi tuna uhusiano wa kibalozi na Vatican miaka yote, na hakuna Mmoraviani aliyewahi kuniambia anaogopa kufanywa Mkatoliki.

Na Iringa mnayo yenu. Desemba 1968 Serikali ilipiga marufuku jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, na mwezi huo huo BAKWATA ikaundwa kwenye mkutano uliofanyika Iringa. Shehe Hassan bin Ameir, aliyepigania uhuru na TANU, mwaka huo alirudishwa Zanzibar. Sisemi BAKWATA haina watu wema. Nasema tangu siku hiyo dola ilijizoesha kuamua Mwislamu yupi ni mwema na yupi ni wa kuangaliwa, na mazoea hayo hayakuondoka na chama kimoja.

Huku kwetu nako, Aprili 2013 Tunduma, ikiwa bado Mkoa wa Mbeya, ilichafuka kwa sababu ya nani achinje ng'ombe. Jambo ambalo wachuna ngozi na wenye mabucha walikuwa wameshalimaliza kienyeji miaka na miaka. Wakristo waliouliza kwa nini na wao wasichinje walikuwa na swali halali, na lilikuwa na majibu mepesi, kwa mfano kila bucha kuandika nani kachinja. Lakini swali lilipofika mtaani lilishageuka kuwa "hawa watu wanataka kututawala". Hawa watu! Ni jirani yako, mnachota maji bomba moja.

Anayedhani yuko salama kwa sababu hayumo kwenye orodha akumbuke ya Marekani. Januari 2017 Trump alizuia raia wa nchi 7 zenye Waislamu wengi kuingia kwake, Somalia na Sudan zikiwemo, na wapo Watanzania waliosema mtandaoni safi sana. Mwanzoni mwa 2020 orodha ikaongezwa, na Tanzania ikawekwa: tukafungiwa bahati nasibu ya viza. Mlango haukuuliza nani Mlutheri. Katazo lilifutwa Januari 2021, kwa kalamu ya rais mwingine na wala si kwa kelele zetu.

Najua nitajibiwa: wewe binti, mabomu yalilipuka kweli, padri kauawa kweli. Ndiyo. Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar Februari 2013. Kanisa la Olasiti, Arusha, lililipuliwa Mei mwaka huo. Na tarehe 15 Juni 2013 bomu lilirushwa kwenye mkutano wa CHADEMA Arusha, kwenye uwanja wenye jina la mtaa wetu, Soweto, na wenzetu wakafa pale. Kwa hiyo hakuna wa kutufundisha kwamba ugaidi upo. Ndiyo maana nataka upelelezi ufanyike mpaka mwisho, kesi isikilizwe, aliyetenda afungwe. Kumweka mtu ndani miaka saba halafu kusema huna nia ya kuendelea hakumlindi muumini wa Olasiti. Ama ulimshikilia asiye na hatia, au umemwachia mwenye hatia. Zote mbili ni kushindwa kazi, na kodi ni yetu.

Kinachotakiwa kinajulikana. Dhamana irudishwe mikononi mwa jaji, aamue kwa kila mtu na kesi yake. Mei 2020 Mahakama Kuu ilishasema kifungu kinachonyima dhamana kinakwenda kinyume na Katiba, Agosti Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, kwa hiyo mlango uliobaki ni Bunge. Upelelezi uwekewe ukomo wa miezi, ukipita mtu aachiwe. Na kesi ikiondolewa baada ya mtu kusota, asishtakiwe tena kwa jambo lile lile, na alipwe fidia.

Upande wetu kuna kazi ndogo zaidi, na haihitaji Bunge. Tulipeleka mawakili na vijana Kisutu kila Mbowe alipoitwa. Mahakama hizo hizo, siku nyingine, anasimama muuza duka wa Tanga au mwalimu wa madrasa ambaye hakuna gazeti linalomjua, na nyuma yake kwenye mabenchi kuna mama yake na mke wake tu. Napendekeza matawi yetu ya vyuo yapangiane zamu za kukaa kwenye mabenchi hayo, kuandika tarehe za kuahirishwa na sababu zilizotolewa, na kuzichapisha hapa kila mwezi. Kwa wanafunzi wa sheria ni mazoezi ya bure pia, msisahau.

Kikao cha vijana kijacho nitaileta kama hoja rasmi. Wa kuunga mkono awahi, na anayepinga aje na hoja, asije na "ni utani tu".