Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya kiwanja cha kota

Mheshimiwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu za awali ziliishia kwenye mhuri wa kupokelewa, na ile moja iliyopata majibu ndiyo imenifanya nishike kalamu tena.

Sitaji jina lako wala la ofisi yako. Kiti chako kimekaliwa na watu kadhaa tangu tulipohamishwa, na kila mmoja amemkabidhi mwenzake jalada letu likiwa vilevile. Kwa hiyo nakiandikia kiti. Anayekikalia leo ndiye anayedaiwa.

Majibu yenu yana mambo mawili. La kwanza, ujenzi wa nyumba za ghorofa kwenye kiwanja cha kota zetu umesogezwa mbele mpaka apatikane mbia mpya. La pili, wakazi wa zamani tunashauriwa kuomba nyumba kama wananchi wengine pindi mauzo yatakapotangazwa, kwa bei ya soko. La kwanza limeniumiza. La pili limenikasirisha, na ingawa nakuheshimu, sitaificha hasira hiyo.

Tulipoletewa notisi ya kuhama hatukugoma. Kota zilikuwa kuukuu, mabati yanavuja, vyoo vya pamoja vimefurika, na kila mtu alikubali kwamba ardhi nzuri kiasi kile haifai kubeba vibanda vya chini vinavyobomoka vyenyewe. Tuliitwa mkutanoni, tukaonyeshwa michoro, tukaandikishwa majina pamoja na namba za nyumba. Tukaambiwa jambo moja lililotufanya tufungashe bila kelele: mtarudi, na mtakuwa wa kwanza kupewa. Ahadi hiyo ilitolewa na mtumishi wa umma, mbele ya mjumbe na mtendaji wa kata, juu ya karatasi zenye nembo ya serikali. Sisi tulitimiza upande wetu.

Kiwanja kilivyo leo unakijua. Uzio wa mabati umeshika kutu, ndani yake magugu yamepita kimo cha mtu, malori yanalala humo usiku na vibaka wamepafanya maficho. Mbele yake kipo kituo cha mabasi ya mwendokasi. Mtu aliyeishi pale angevuka kivuko cha waenda kwa miguu tu akawa kituoni. Kila asubuhi mabasi yanapita yamefurika watu waliotoka mbali, na yanapita mbele ya ardhi tupu ya umma ambayo ingeweza kuwa makazi ya watu hao hao.

Miongoni mwa wanaotoka mbali yumo binti yangu, na hili ndilo nataka ulisikie kuliko mengine yote.

Tulipohama tulipata chumba tulichokimudu Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwa kuwa mlituahidi kurudi, watoto tuliwaacha kwenye shule zao, ambazo toka kota ni mwendo wa kutembea. Sasa binti yuko Kidato cha Nne, amesajiliwa mtihani kwenye shule ile ile, na kumhamisha haiwezekani tena. Basi anaamka saa kumi usiku. Anasimama barabarani gizani akisubiri daladala, na makonda wanamkataa kwa sababu amevaa sare, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo na konda anahesabu viti. Likimpita la kwanza, anangoja la pili. Akifika Buguruni anaunga jingine. Akiingia darasani kipindi cha kwanza kimeshaanza, na kabla ya saa nne usingizi umeshamlaza juu ya dawati. Mwalimu wake ameniita. Hakuniita kwa utovu wa nidhamu, ameniita kunieleza kwamba mtoto mwenye akili anapoteza masomo kwa kukosa usingizi.

Jioni ni safari ile ile kinyumenyume. Anafika nyumbani giza limeingia, anakula akisinzia, daftari linabaki kwenye begi. Kuna jioni nyingine makonda wanapomkataa hadi anakata tamaa, na kijana wa bodaboda anasimama na kumwambia panda nikusogeze, bure. Wewe ni mzazi, Mheshimiwa. Unajua lifti ya bure kwa msichana wa shule inaishia wapi, na unajua ni mabinti wangapi wa pembezoni mwa jiji hili wamekatisha masomo kwa njia hiyo. Binti yangu bado anaikataa. Mimi kila jioni nakaa mlangoni nikimwomba Mungu aendelee kuikataa.

Hasara nyingine nazipitia haraka. Wateja wangu wa cherehani walibaki mjini nami nikahamia mbali nao. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila tukihama dalali anachukua ya mwezi mzima juu yake. Wazee kadhaa walioandikishwa siku ile ya mkutano wameshazikwa. Lakini cherehani naweza kuifufua na kodi nitaikopa. Usingizi wa mtoto wa Kidato cha Nne haukopeki, na mtihani hautasogezwa mbele kumsubiri mbia wenu.

Naomba basi usiniambie kwamba jambo hili ni gumu sana kutekelezeka katika nchi yetu. Chukua mfano wa Magomeni Kota, iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, penye njia ya mwendokasi. Kaya 644 ziliondolewa pale mwaka 2011, na kiwanja kikakaa kitupu miaka mingi huku watu wake wakihangaika mitaani kama tunavyohangaika sisi. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi pale pale kwamba watajengewa nyumba. Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga nyumba 656 za ghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua. Waliopewa kipaumbele ni zile kaya 644, kwa majina yao. Ilichukua zaidi ya miaka 10, na hiyo si sifa kwa yeyote, kwa maana kuna waliokufa wakisubiri. Hata hivyo inathibitisha mambo mawili: kwamba ghorofa zinaweza kusimama penye kota, na kwamba mkazi wa zamani anaweza kurudi bila kushindanishwa na mwenye fedha sokoni.

Najua wanasheria wenu watasema sisi tulikuwa wapangaji, hatukuwa wamiliki. Na iwe hivyo. Hatujadai hati ya kiwanja. Tunadai ahadi iliyotutoa kwenye nyumba zetu. Kama ahadi ile haikuwa na nguvu ya kutupa haki ya kurudi, ilipataje nguvu ya kutuondoa?

Kuhusu hiyo bei ya soko, naomba tuulizane imetoka wapi. Kiwanja kile kilikuwa kile kile kabla ya mwendokasi, na hakuna mbia aliyekipigania. Kilichokipandisha thamani ni barabara ya zege na kituo, na hivyo vimejengwa kwa fedha za umma na mkopo ambao wananchi wote tunaulipa, pamoja na sisi wa Chanika. Haiwezekani umma ugharamie kitu kinachopandisha ardhi, kisha kupanda huko kutumike kuwafukuza watu wa umma ule ule.

Kuna miji iliyolifikiria hili mapema. Curitiba, nchini Brazil, ilianza kutenga njia za mabasi peke yake mwaka 1974, na ndiyo mfumo uliokuja kuigwa na miji mingi duniani. Lakini kule njia ya basi na mpango wa ardhi vilikwenda pamoja: majengo marefu yaliruhusiwa kando ya njia zile, ili watu wengi waishi karibu na basi. Sisi tumechukua basi tukaiacha nusu ya pili. Tangu mwendokasi ianze kazi mwaka 2016, kando ya njia yake tumeendelea kuwa na viwanja vilivyozungushiwa mabati, maghala na yadi za magari, huku vyumba vya bei tunayoiweza vikizidi kusogea Chanika, Chamazi na Bunju.

Hapo ndipo kosa linapokuwa kubwa kuliko kiwanja chetu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao wanatembea kwa miguu na kupanda mabasi, na hao ndio wanaosukumwa mbali na vituo. Wenye magari ndio wanaojengewa karibu na vituo, kisha ghorofa nzima ya chini inageuzwa maegesho. Mnaongeza mabasi, yanajaa. Mnaongeza njia, zinajaa. Zitaendelea kujaa maadamu kila mradi mpya unamwondoa msafiri karibu na kituo na kumpeleka mwisho wa barabara. Kisha inaitishwa semina hotelini kujadili foleni na msongamano, ilhali sababu moja kubwa imezungushiwa mabati na ufunguo wa geti lake uko ofisini kwenu.

Madai yetu hayana fumbo.

Kwanza, orodha ya wakazi tulioandikishwa itambuliwe kwa maandishi na ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, ili kila aliyekuwamo, au mrithi wake, ajue jina lake lipo.

Pili, tupewe nyumba kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, kwa malipo ya mwezi yasiyozidi kodi tunayolipa sasa. Sheria inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo ipo tangu mwaka 2008, kwa hiyo msituambie kwamba ghorofa haigawiki.

Tatu, mkataba na mbia yeyote uwekwe wazi kabla haujasainiwa: nani anatoa nini, anapata nini, na nyumba ngapi ni za wakazi wa zamani. Mkiandika tarehe ya kuanza, andikeni pia tarehe ya kukabidhi.

Nne, ghorofa ya chini iwe ya fremu za mafundi na wauza chakula, pamoja na chekechea, na pawe na njia salama ya miguu hadi kituoni. Anayeishi mbele ya kituo hahitaji maegesho mawili.

Tano, mpaka siku ya kurudi, mtulipie kodi. Nyinyi ndio mlioamua kungoja, na gharama ya kungoja haipaswi kulipwa na tuliohamishwa.

Iwapo haya hayawezekani, sema hivyo hadharani na utie saini, ili tuyapeleke mahakamani na kwa wabunge wetu tukijua tunapambana na nani. Kutuambia kwamba suala linafanyiwa kazi hakutoshi tena.

Nawaomba na waliokuwa wakazi wenzangu, popote mlipotawanyika, mtafute nakala zenu za uandikishaji, mzidurufu na mzikabidhi kwa mjumbe. Nawaomba pia wanaoishi kwenye kota nyingine kandokando ya njia mpya za mwendokasi: notisi ikiwafikia, msifungashe kwa ahadi ya mdomo wala kwa michoro. Kila mmoja adai mkataba wenye jina lake, namba ya nyumba na tarehe.

Mheshimiwa, mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Binti yangu ataufanya akiwa ameamka saa kumi usiku, na hilo huwezi tena kulibadilisha. Watoto wanaomfuata bado unaweza kuwaokoa. Rudisha majina yetu kwenye mradi wiki hii, kwa barua yenye saini yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama na mkazi wa zamani wa kota,
Chanika, Dar es Salaam