Mwenye Tumbo Ndiye wa Kuamua

Katika Mji wa Kale wa Mombasa yako mambo yanayozungumzwa barazani mpaka kahawa ikapoa: siasa, mpira, bei ya samaki, na nani kaposa wapi. Liko jambo moja lisilotajwa kabisa, nalo ni choo. Mtu akiugua moyo, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Akiugua utumbo, itasemwa tu kwamba "tumbo lamsumbua kidogo", na maneno yataishia hapo. Mimi nautilia shaka sana ustaarabu huu. Kwa maoni yangu, adabu hii ya kunyamaza inawaumiza watu wetu kuliko kisu cha daktari. Nasema hivyo kwa kuwa kisu chenyewe sasa kinanisubiri mimi.

Ugonjwa wangu ni vidonda vya utumbo mpana, ambao madaktari huuita kolaitisi. Huku kwetu haujulikani sana, na kwa kuwa dalili yake kubwa ni kuharisha damu, mara nyingi hudhaniwa kuwa ni amiba. Mimi nilimezeshwa dawa za amiba miaka miwili, katika zahanati ambayo sitaitaja, mpaka nilipoingizwa kamera kwa njia ya nyuma na kukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Tangu hapo ni vidonge, mwaka wa tisa sasa. Vile vya steroidi hutuliza moto, lakini mtu hawezi kuvitegemea maisha yake yote, kwani huvimbisha uso, hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Juu ya hayo, ugonjwa ukikaa miaka mingi huongeza hatari ya saratani. Daktari amesema utumbo huo utoke.

Ni vyema msomaji alifahamu jambo lenyewe. Utumbo mpana, ambao una urefu wa kama mita moja na nusu, huondolewa. Zamani kilichobaki ni kuitoa ncha ya utumbo mwembamba kwenye kitundu upande wa kulia wa tumbo, na haja ikaingia katika mfuko uliogandishwa juu ya ngozi, mpaka mwisho wa maisha. Mwaka 1952 Bryan Brooke wa Birmingham, Uingereza, alieleza namna ya kuikunja ncha ile kama upindo wa mkono wa shati, na wagonjwa wakapata nafuu kubwa. Mwaka 1969 Nils Kock wa Göteborg, Uswidi, akatengeneza kifuko ndani ya tumbo kwa utumbo wa mgonjwa mwenyewe, akawa anakikamua kwa mpira. Kisha mwaka 1978 Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, wakaeleza jinsi ya kukiunganisha kifuko na njia ile ile tuliyozaliwa nayo, na mwaka 1980 Mjapani Joji Utsunomiya akakirahisisha kwa umbo la herufi J.

Ukisikia hivyo utasema neema imeshuka. Naam, ni neema, lakini ina masharti yake. Kifuko si utumbo mpana. Mwenye nacho huenda chooni mara nne hadi nane kwa siku, na pengine usiku pia, na choo chake ni kama uji. Kifuko huweza kuvimba na kuhitaji dawa, na wako ambao kwao kilishindwa kabisa kikatolewa. Mwanamke huenda akapungukiwa na uwezo wa kushika mimba, na mwanamume yumo katika hatari, ingawa si kubwa, ya kuguswa mishipa ya unyumba. Na kazi yenyewe haifanywi kwa siku moja. Kwa kawaida ni operesheni mbili au tatu, na baina yake mgonjwa hukaa na mfuko wa nje kwa miezi. Haya ndiyo mambo ambayo mtu hana budi kuyajua kabla ya kutia sahihi, na ndiyo hasa ambayo adabu yetu inakataza kuyauliza.

Jamaa zangu walifanya kikao. Nashukuru kwa mapenzi yao, lakini sikuitwa. Ami yangu mkubwa alisema nipelekwe India, na harambee ifanywe. Shangazi alisema nisielezwe mengi nisije nikavunjika moyo. Mjomba alisema mfuko ni aibu, mke atanikimbia. Ajabu ni kwamba mke mwenyewe hakuulizwa na mtu, naye alikuwa chumba cha pili akipika chai yao! Nilipomwuliza mimi, aliniambia, "Baba watoto, miaka tisa mimi ndiye ninayekuwashia taa ya kwenda chooni. Huo mfuko utanitisha nini?"

Lililobaki lilikuwa ni sala, na hili halikuwa dogo kwangu. Watu wetu wengi hudhani mwenye mfuko amekwisha kuwa najisi, asikanyage tena msikiti. Nilikwenda kwa maalim aliyenisomesha chuoni, nikamweleza kila kitu bila kuzungukazunguka, na jibu lake halikuchukua muda. Mwenye udhuru wa kudumu hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, akaswali bila kuchelewa, na kinachomtoka bila hiari yake kimesamehewa. Hukumu hii imo vitabuni tangu zamani kwa mtu asiyeweza kuzuia mkojo. Ni wangapi wameacha jamaa kwa sababu tu waliona haya kuuliza?

Maandalizi nayo yamenifunza mengi. Muuguzi alikuja na kalamu kunitia alama pahali pa kitundu. Alinitaka nilale, niketi, nisimame, niiname. Nikamwomba anipe nafasi nifunge kikoi changu kama ninavyokifunga siku zote, kisha nirukuu na nisujudu mbele yake, kwani kitundu kikikaa kwenye pindo la kikoi au kwenye mkunjo wa tumbo, mfuko utavuja. Alama ya kwanza ilikuwa papo hapo kwenye pindo. Akaifuta, akaiweka juu zaidi. Kisha akanipa mfuko mmoja niubandike, niutie maji, nitembee nao. Nilitoka nao Kibokoni, nikapita Ndia Kuu mpaka Marikiti, nikabishana bei ya ndizi, nikarudi. Hakuna aliyetambua. Bwana mmoja alinisimamisha kuniambia kwamba nimenenepa.

Jambo jingine ni maji. Utumbo mpana ndio unaonyonya maji na chumvi, na ukiondoka, mtu hukauka upesi, hasa katika joto la kisiwa chetu. Kunywa maji matupu kwa wingi hakutoshi, na madafu, ingawa ni matamu, hayana chumvi ya kutosha. Ni lazima mchanganyiko wa chumvi na sukari. Kufunga Ramadhani itakuwa mashauri baina yangu na daktari. Na katika nyumba zetu, ambapo mfereji hukauka siku kadhaa tukanunua maji ya mkokoteni, mgonjwa wa namna hii anahitaji akiba yake. Kadhalika mifuko: bei niliyotajiwa inashinda mlo wa mchana, na nimekwenda mara mbili kuuliza bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, itanilipia nini.

Uamuzi wangu nimeutoa. Nilimwuliza daktari wa upasuaji swali ambalo ami aliliona la utovu wa adabu: kazi hii ameifanya mara ngapi? Hakukasirika hata kidogo. Alisema kutoa utumbo na kutengeneza kitundu amefanya mara nyingi, vifuko vichache. Basi la kwanza litafanywa hapa hapa Mombasa, sehemu ya mwisho ibaki humo kwa sasa, nami nikae na mfuko wa nje mpaka nipate nguvu na kuachana na steroidi. Kifuko, nikikitaka, kitafanywa na mikono iliyokizoea, popote ilipo. Na huenda nisikitake, maana nimekutana na mzee mwenye mfuko wa nje anayevua samaki mpaka leo.

Ami amekubali, ingawa bado anaitaja India. Hivi sasa nakula mayai na samaki ili uzito upande, na vidonge napunguza kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Wapwa zangu wawili wameahidi damu. Wa tatu anaogopa sindano, naye nimempa kazi ya kuangalia mapipa ya maji yasikauke.