Alama zikipotea, kuna mtu anajua zilipo

Kila mahafali yakikaribia, vyuo hubandika orodha ya wanaofuzu. Na kila mara kuna komredi anayesoma orodha hiyo mara tatu, kidole kikishuka na kupanda, kisha anaenda kwa karani wa idara kuambiwa sentensi moja tu: alama zako za somo fulani hazionekani. Somo lenyewe ni la mwaka wa pili. Mtihani aliufanya, karatasi aliikabidhi, saini aliweka. Lakini kwenye mtambo kuna nafasi tupu.

Wasee, alama hazina miguu. Zikipotea, kuna mahali ziliachwa, na mara nyingi kuna mtu anajua ni kabati gani. Leo nataka tubonge kuhusu hizo alama, kwa sababu naamini hapo ndipo mlungula wa kampasi umepiga kambi. Mengine yote tunayolalamikia, kuanzia kura za kununuliwa hadi vyeti ghushi, yanakula kwenye sahani hiyo moja.

Angalia vile kitu chenyewe hufanyika. Mhadhiri anasahihisha akipata nafasi. Kama ni wa kibarua na hajalipwa muhula mzima, karatasi zinalala kwenye gunia nyumbani kwake mpaka alipwe. Baadaye alama zinapelekwa idarani, karani anazichapa, mkuu wa idara anatia saini, zinaingia kwenye mtambo. Kila hatua ina mtu mmoja na ufunguo mmoja. Wewe mwenye alama huna nakala ya chochote. Huna hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku fulani, ukumbi fulani, uliketi ukafanya mtihani.

Sasa mtu akikwambia "rudi wiki ijayo" mara nne, na mahafali ni mwezi ujao, na nyumbani mama ameshawaambia majirani kwamba mtoto anamaliza, utafanya nini? Hapo ndipo anatokea mwenye huruma. "Wacha nikutafutie, lakini unajua nitahitaji kitu ya fueli." Hakuna aliyetamka neno hongo. Ni fueli, ni chai, ni ya kutafuta. Unatuma kwa M-Pesa, na kesho yake alama zilizopotea miaka miwili zinapatikana kwa dakika kumi.

Sisemi kila alama iliyopotea imefichwa makusudi. Nyingi hupotea kwa uzembe wa kawaida tu. Lakini uzembe huo ndio mtaji wa biashara. Kama alama zingekuwa zinatoka kwa wakati, hakuna mtu angekuwa na kitu cha kukuuzia.

Na kwa wasichana, bei mara nyingi si pesa. Mnajua. Oktoba 2019, kitengo cha Africa Eye cha BBC kilitoa filamu ya kichunguzi iliyonasa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana wakiwasumbua wasichana kimapenzi. Tulisambaza video hizo hapa kwetu tukiwacheka Wanaijeria na Waghana, kana kwamba ofisi zenye milango ya kufungwa kwa ndani ziko kwao pekee. Sheria yetu ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 23, inasema mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwingine kimapenzi akijua hatakiwi anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, au atozwe faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili. Hiyo ni jinai. Tuache kuiita "mambo ya watu wazima."

Kuna watakaouliza: wewe hukumaliza chuo, unatuambia nini? Ni kweli, nilitoka mwaka wa tatu, karo ikanishinda. Lakini hilo ndilo linalonipa nafasi ya kuongea. Sina transkripti ya kuogopea. Komredi aliye ndani akimtaja mhadhiri leo, anajua muhula ujao atafundishwa na rafiki wa mhadhiri huyo, na mradi wake wa mwisho utasahihishwa na rafiki wa rafiki. Kwa hivyo ananyamaza. Nilipokuwa darasani, alama za somo moja la kwetu zilikosekana kwa karibu darasa nzima. Wengi walikuwa wananung'unika kwenye grupu la WhatsApp usiku, asubuhi kila mtu anaenda ofisini peke yake, kimya kimya, kama anayeenda kupimwa ugonjwa wa aibu. Chuo chenyewe sitakitaja, maana ukibadilisha jina la chuo, hadithi inabaki ile ile.

Huo ukimya una sababu nyingine ambayo hatupendi kuisikia. Wengi wetu pia tuna kitu cha kuficha.

Kampasi za Kenya, karatasi ndogo ya kuibia mtihani inaitwa mwakenya. Umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la miaka ya 80, la watu waliopinga utawala wa chama kimoja. Mwaka 1986 serikali iliwakamata wengi kwa kuhusishwa nalo, wakiwemo wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu. Watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House kwa sababu ya jina hilo. Leo ni jina la kikaratasi kilichokunjwa ndani ya soksi. Jina la watu waliokuwa wanahatarisha maisha ili nchi iambiwe ukweli limekuwa jina la kumdanganya msimamizi wa mtihani.

Na siku hizi mwakenya ni kitu cha mkulima. Kuna msee atakuandikia kazi yote, kuanzia pendekezo la utafiti hadi shukrani kwa wazazi. Ujuzi huo hakuuotea usiku mmoja. Kenya imejulikana duniani kwa vijana wanaowaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mwaka 2024 ilitoka filamu inayoitwa The Shadow Scholars, iliyoongozwa na Eloise King, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford alipokuja kuwatafuta waandishi hao. Uingereza kwenyewe ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha biashara hiyo. Siwezi kumrushia mawe kijana mwenye akili kali, hana kazi, ana kodi ya nyumba, anayeandika usiku kucha ili mtoto wa tajiri apate digrii ng'ambo. Ila biashara hiyo imerudi nyumbani. Sasa mteja ni jirani yako wa hosteli.

Shida yake ni hii. Ukishamlipa mtu akuandikie mradi, umempa mhadhiri kisu. Siku atakayokuomba ya fueli, utamshtaki kwa nani? Yeye anajua hukuandika, wewe unajua anauza alama, mnabaki kutazamana. Hilo ni soko la kunyamaziana. Mfisadi wa chuo hahitaji kila mwanafunzi awe mwizi. Anahitaji tu wa kutosha wawe na doa ili hakuna darasa litakalosimama pamoja.

Chama cha wanafunzi kingetusaidia, sindio? Hapo pia tulipigwa. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa mtindo wa kila mwanafunzi kumpigia kura rais wa chama. Sasa tunachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaochagua viongozi. Sababu tuliyopewa ni kupunguza fujo na pesa kwenye kampeni. Lakini piga hesabu mwenyewe. Kuhonga wanafunzi elfu ishirini ni kazi, hata mwanasiasa mkubwa atatoa jasho. Kuhonga wajumbe wachache waliolala hoteli moja usiku wa kuamkia uchaguzi ni kazi ya jioni moja. Na kiongozi aliyeingia hivyo hana deni kwako. Ukimpelekea kilio cha alama, atakuambia "tunalifuatilia, komredi", akienda kupiga picha na naibu chansela.

Wakubwa watasema tuwaonee wahadhiri huruma, wana njaa. Nakubali wana njaa. Mgomo wao wa 2025 ulikuwa wa kudai Sh7.9 bilioni za mkataba wa miaka ya nyuma, pesa walizokuwa wameahidiwa na serikali. Nilikuwa upande wao na bado niko. Lakini deni la serikali haliwezi kulipwa na mtoto wa mama mboga anayeishi kwa mkopo wa HELB. Mhadhiri akiminywa na Hazina ya Kitaifa kisha yeye anamminya mwanafunzi, Hazina haijaumia popote. Aliyeumia ni yule wa mwisho kwenye foleni. Na tena, wahadhiri wengi waaminifu, wanaosahihisha kwa wakati hata bila mshahara, wanachafuliwa jina na wachache wanaouza.

Juni 2024 tulijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Tulipiga kelele kuhusu wizi wa pesa za umma, na wenzetu wengine hawakurudi nyumbani. Sitaki mtu aniambie kizazi hiki hakijali. Lakini tusijidanganye kwamba ufisadi ni kitu cha watu wa rika la baba zetu. Februari mwaka huo huo, Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ilitangaza kwamba ukaguzi umewanasa watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti ghushi. Hao hawakuanguka kutoka mwezini. Waliwahi kuwa vijana, wakaona cheti ni kitu cha kununuliwa, na hakuna aliyewazuia. Anayekuuzia alama leo anakufundisha bei ya kila ofisi utakayoingia kesho.

Sasa tufanye nini? Sio semina nyingine. Tumeenda semina za uadilifu, tukapewa fulana na soda, tukarudi hosteli alama zikiwa bado hazionekani. Uadilifu wa kampasi unahitaji risiti.

Kwanza, ushahidi. Siku ya mtihani, orodha ya saini ipigwe picha na kiranja wa darasa, msimamizi akiwepo, na ihifadhiwe. Chuo kikikataa, kiulizwe kwa maandishi kinaogopa nini. Vyuo navyo viweke tarehe ya mwisho ya alama kuingia kwenye mtambo, na tarehe hiyo ikipita, anayeulizwa awe mhadhiri na idara, sio mwanafunzi azungushwe kama pia.

Pili, sheria zipo, tuzitumie. Kipengele cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola, na cha 47 kinakupa haki ya kuhudumiwa kwa haraka na kwa haki. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Chuo cha umma ni ofisi ya umma. Andika barua: naomba rekodi ya alama zangu za somo hili, muhula huu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Siku 21 zikiisha kimya, nenda Tume ya Haki za Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Karani aliyekuzungusha miaka miwili ataona barua yenye muhuri na kukumbuka kabati ghafla.

Tatu, mtu akiomba pesa, hiyo ni kazi ya EACC. Tume hiyo ina njia ya kuripoti mtandaoni bila kutaja jina. Sheria ya Hongo ya 2016, kifungu cha 14, inamtaka mtu yeyote mwenye mamlaka ndani ya taasisi anayejua au kushuku hongo aripoti ndani ya saa 24. Kwa hivyo mkuu wa idara akiambiwa kisha akanyamaza, naye ana kesi ya kujibu. Sheria hiyo hiyo inakataza kumtisha au kumwadhibu aliyefichua. Najua mtauliza kuhusu David Munyakei, aliyefichua sakata ya Goldenberg akiwa Benki Kuu, akafutwa kazi, na akafa fukara mwaka 2006. Mko sahihi kuogopa. Ndiyo maana ya nne ni muhimu kuliko zote.

Nne, twende pamoja. Mtu mmoja akilalamika, ni rahisi kumgeuza kuwa mkorofi. Darasa la watu 60 likiandika barua moja, lenye saini 60, hakuna mhadhiri atakayewafelisha wote bila maswali kuulizwa hadi seneti ya chuo. Lakini darasa haliwezi kusimama hivyo kama nusu yake imenunua miradi. Ndiyo maana kuandika kazi yako mwenyewe, hata ukipata C ya jasho, si ulokole. C hiyo inakuruhusu kufungua mdomo.

Muhula ukianza, kabla ya kuulizana mhadhiri ni yupi na kama ni mkali, ulizaneni darasani: orodha ya saini itawekwa na nani? Kama hakuna anayejua, basi mna kazi ya kwanza, na haihitaji pesa ya mtu yeyote.