Ujiji si Mwisho wa Reli

Upo msemo uliotembea nchi nzima hata ukawa kama anwani: "Kigoma, mwisho wa reli." Reli yenyewe ilifika huko mwaka 1914, siku za Wajerumani, miezi michache kabla ya vita vikuu. Na ni kweli kwamba garimoshi likishafika Kigoma halina pa kwenda tena, kwani mbele yake ni maji. Lakini wanaoutumia msemo huu hawana habari na garimoshi. Wanakusudia mwisho wa mji, mwisho wa adabu, mwisho wa lugha. Na sisi wa visiwani, tunaopenda kujiita wenye Kiswahili, tumeupokea kwa mikono miwili na kuutia katika mizani yetu ya ushairi. Makala haya yameandikwa kuupinga, na atakayekereka na akereke.

Kwanza niulize: mshairi wa pwani anapoitaja Ujiji, hutaja nini? Hutaja mwembe. Chini ya mwembe huo huwaweka wazungu wawili, Livingstone na Stanley, na mwaka 1871, kisha basi. Mji wenye misikiti na mitaa, wenye wavuvi, mafundi wa boti na wauza mawese, unageuzwa kivuli cha mti mmoja. Tena mti wenyewe wa zamani ulikwisha kufa siku nyingi, na iliyopo leo ni mingine iliyopandwa pale pale penye mnara.

Mimi ni mfasiri wa kujifunza mwenyewe, sikupita chuo chochote, na kazi hii imenizoeza kusoma polepole. Ukikisoma polepole kitabu alichokitoa Stanley mwaka 1872, utaona kwamba kilichomkalia moyoni ni kibaraza cha udongo chini ya upenu wa nyumba. Palikuwa na mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili ubaridi wa udongo usimguse mzee mgongoni. Livingstone akamshika mgeni, akamlazimisha akae mahali pake mwenyewe. Mgeni akakataa, mwenyeji akang'ang'ania, mgeni akakubali. Wakaketi migongo ukutani, Waarabu wa mji wakaketi kushotoni mwao, na umati ukasimama mbele kuwatazama.

Ndugu msomaji, hilo ni nini kama si baraza? Vitabu vyetu husema "varanda" au "ukumbi wa mbele", kana kwamba jambo hili limetokea London. Limetokea barazani, kwa adabu ya baraza: mwenyeji huinuka, mgeni hukaa penye mkeka mzuri, habari huulizwa kabla ya barua kufunguliwa. Mskochi yule alikuwa amekaa na watu wa Ujiji kiasi cha kuijua adabu hiyo. Na watu wawili waliotangulia kumpokea Stanley hawakuwa wazungu. Wa kwanza alikuwa Susi, wa pili Chuma, wale wale ambao baadaye, bwana wao alipofariki mwaka 1873, waliongoza msafara ulioibeba maiti yake hadi Bagamoyo. Nani kati yetu amemtungia Susi hata beti mbili?

Baraza zile zingalipo. Pita Ujiji baada ya sala ya alasiri utazikuta zimejaa. Wazee wa kanzu na kofia, kahawa katika vikombe vidogo, bao la kete linalopigiwa kelele na wasiocheza zaidi ya wanaocheza. Mtu wa Ng'ambo au wa Lamu akikaa pale hatahitaji mwalimu. Atajua pa kuweka viatu, atajua nani aanze kusalimiwa. Ila baada ya robo saa ataanza kusikia yasiyo ya kwao. Salamu ya Kiha itapita, "mwakeye", na itaitikiwa. Mwingine atatia neno la Kirundi, mwingine la Kikongo, kisha wote watarudi katika Kiswahili kama watu wanaorudi chini ya paa mvua inapoanza. Harufu ya mawese itatoka uani. Wanawake watapita na leso za pwani, na wengine na vitenge vya ng'ambo ya ziwa. Nami niongeze, ingawa si hoja, kwamba mgebuka aliyechomwa jioni, akaliwa na ugali wa muhogo, hana mpinzani Forodhani.

Nimekaa pia katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kichochoro na ya kisima. Nimekaa Kariakoo, nyuma ya msikiti unaoitwa wa Manyema. Mombasa sihitaji kuitaja. Kila mji una tabia yake: Bujumbura watu husema taratibu na kukutazama sana kabla ya kujibu, Kariakoo hakuna anayengoja jibu, Mombasa utani hutangulia salamu. Ujiji wana upole fulani wa watu waliozoea kupokea wanaotoka majini. Lakini nyuzi zinazoifunga miji hiyo ni zile zile, na aliyezisuka si mtu wa pwani peke yake.

Hapa ndipo wenzangu wanaponigeukia. Husema: Kiswahili tuliwapelekea sisi, misafara ilitoka kwetu, Uislamu ulitoka kwetu, basi wao ni wanafunzi. Sikilizeni basi historia yote, si ile nusu inayopendeza. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani. Njia hiyo ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja, ilipandisha marikani, kaniki na shanga, ikateremsha pembe. Na ikateremsha watu. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha katika orodha ya awali ya UNESCO kwa jina lake la haki, njia ya watumwa na pembe za ndovu. Wengi wa walioitwa Wamanyema waling'olewa makwao ng'ambo ya ziwa na watu wenye majina kama yetu. Wakavushwa. Wengine wakabaki Ujiji, wengine Tabora, wengine wakafika hadi Unguja. Anayejisifu leo kwamba "tuliwapelekea lugha" ajue anajisifu kwa mnyororo.

Lakini walioletwa namna hiyo hawakukaa na kulia tu. Waliichukua lugha, wakaifanya yao, wakaivusha tena magharibi hadi ikawa Kiswahili cha Kasongo, cha Kisangani, cha Bukavu. Waliichukua tarika ya Kadiria wakaisimamisha Ujiji kwa dhikiri zao wenyewe. Walijenga mitaa. Hii si kazi ya wanafunzi, na ukoo wa lugha una watoto wengi kuliko wanaotajwa kwenye shajara ya mashamba.

Tena, enyi mnaoisifu nathari ya kale ya pwani, someni tena maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Ametuachia tawasifu yake kwa Kiswahili, nasi tunaihesabu kuwa hazina yetu. Yanayosimuliwa humo yametokea wapi? Tabora, Manyema, Kasongo. Ondoa bara katika kitabu hicho utabaki na madeni ya Wahindi na safari za majahazi. Nathari tunayojivunia ilizaliwa njiani, kwa miguu, kuelekea huko huko tunakokudharau.

Hoja ya pili ya wenzangu ni usanifu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Nasi tokea siku hiyo tumetembea kama tuliorithi. Tumesahau kwamba uamuzi ule ulikuwa wa serikali za kikoloni, ulitafuta lahaja moja ya kuchapia vitabu vya shule, na haukumpa mtu yeyote mamlaka ya kupima uzito wa mashairi. Waulizeni Wamvita na Waamu wanavyouonea uchungu uamuzi huo. Watawaeleza usiku kucha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Zamani kidogo kamati moja ya mashindano ya ushairi, sitaitaja, ilipokea shairi la kijana wa Ujiji. Mizani timilifu, vina vya kati na vya mwisho havikuyumba hata mahali pamoja. Katika shairi lile mbalamwezi ilikuwa njaa. Mwezi ukipevuka, nyumba ile ilikosa chumvi. Mwezi ukifa, watoto walicheka. Kamati ikaliweka kando. Nilielezwa sababu na mmoja wao, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake: kijana huyu hajui matumizi ya mwezi katika ushairi wa Kiswahili, mwezi ni uzuri, mwezi ni mpenzi, mwezi ni Idi, amepotoka kwa kuwa ni wa bara.

Yeyote aliyelala usiku mmoja Katonga au Kibirizi anajua kijana yule amesema nini. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na jua. Taa humulika maji, dagaa hupanda kuufuata mwanga, wavu huinuliwa. Giza likiwa zito, ukitazama kutoka ufukweni utadhani mji wa pili umewashwa ziwani. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake hutawanyika kila mahali, taa haina nguvu tena, dagaa hawakusanyiki. Mitumbwi hukaa mchangani, vichanja vya kuanikia hukaa vitupu, na mwenye duka huanza kufungua daftari la mikopo. Kwa hiyo mbalamwezi ni njaa. Hakuna tamathali hapo ya kumsumbua msomaji; ni hesabu ya nyumba.

Na aibu kubwa ni hii: wavuvi wa dagaa wa Unguja nao huvua kwa taa na hulaani mwezi vile vile. Mjumbe yule wa kamati angeweza kumwuliza jirani yake. Hakuuliza, kwa sababu mwezi wake ameutoa katika mashairi mengine, nayo yaliutoa katika mashairi mengine, na hakuna katika mlolongo huo aliyetazama juu. Hapo ndipo ninaposema kwamba dharau yetu kwa Ujiji inatudhuru sisi zaidi. Tumekataa shairi zima la mwezi mpya ili tulinde lile la mwezi lililochakaa.

Msemo wa mwisho wa reli umekanushwa mara nyingi na watu wasiokuwa na haja ya kukanusha. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakyuba wenzake walipita Kigoma kuvuka kwenda Kongo, na majina yao ya vita yakawa tarakimu za Kiswahili: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha hadi Kigoma, ikaunganishwa hapo, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kisicho na njia ya gari, kipindupindu kikawaingilia, ni meli hiyo hiyo ya karne iliyowavusha hadi Kigoma. Wakapumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Miaka sita baadaye, Julai 2021, Simba na Yanga walicheza fainali ya kombe katika uwanja huo huo, na nchi nzima ikatazama nyasi zile bila kujua nani alizilalia. Na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipoimba pamoja waliupa wimbo wao jina la Kiha, "Leka Dutigite", na vijana wa Michenzani wakauimba bila kuomba kamusi. Vijana wanajua kupokea. Tatizo ni sisi wenye mvi.

Kwa hiyo ninayoyataka si makubwa. Mashindano yetu yaondoe lile sharti, lililoandikwa au lisiloandikwa, la "Kiswahili cha mwambao"; na kama wakubwa wanaling'ang'ania, basi waeleze kwa nini ufukwe wa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 usiwe mwambao. Kamati ziwe na angalau mjumbe mmoja kutoka Ujiji au Tabora, na siku ya kusoma akae safu ya mbele, si mlangoni. Mhariri wa jarida hili, ambaye najua atakunja uso akifika hapa, atenge kurasa. Kijana yule wa shairi la mwezi, mara ya mwisho nilipopata habari zake, bado anavua Kibirizi, na bado anatunga zile siku ambazo mwezi haumruhusu kuingia majini.